Shati Hujaribiwa kwa Sijida

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Mwenye kukaa Mombasa, Tanga au Unguja huenda akastaajabu kumwona mwalimu wa chuo ameshika kalamu kuandika habari za shati. Atasema: "Je, Sheikh amekosa la kutuambia?" Simlaumu. Sisi watu wa Pwani tumelelewa ndani ya kanzu, na kanzu ni nguo yenye kusamehe. Mtu akinenepa humsamehe, akikonda humsamehe, bega likiwa moja juu na moja chini humstahi. Huteremka toka shingoni hata karibu na vifundo vya miguu, na aliyemo ndani amesitirika. Shati halina huruma hiyo. Kosa la inchi moja begani huonekana toka mwisho wa barabara.

Mimi ni mtu wa Tanga, lakini miaka mingi sasa nasomesha huku Tarakea, wilaya ya Rombo, upande wa mlima Kilimanjaro unaotazama Kenya. Ng'ambo ya mpaka ni Loitokitok. Huku baridi ya Juni na Julai humlazimisha mtu kuvaa shati, na sweta juu ya shati, na pengine koti juu ya sweta. Kanzu ni ya Ijumaa na Idi. Shati ndilo la kila siku, la mwalimu, la karani, la muuza duka na la kijana atafutaye kazi. Basi huku ndiko nilikojifunza kulitazama shati, tena nilijifunza kwa kosa langu mwenyewe. Nitalisimulia kosa hilo kwanza, kwa kuwa asiyekiri lake hana haki ya kuhakiki la mwenziwe.

Alikuwako kijana mmoja katika wanafunzi wangu, yatima wa baba, mwenye adabu na sauti nzuri ya kusoma. Siku moja katika swala ya Alasiri alikuwa safu ya mbele yangu. Amevaa shati jipya jeupe, la kubana, na suruali ya siku hizi ifungwayo chini ya kiuno. Aliposujudu, shati likapanda juu, suruali ikashuka chini, na mgongo ukabaki wazi mpaka pasipofaa kuonekana. Tulipotoa salamu sikungoja. Nilimkemea mbele ya jamaa yote, nikamwambia ameharibu swala yake kwa kuwaiga watu wa mitaani. Kijana aliinamisha kichwa, akachukua viatu vyake akatoka. Ijumaa iliyofuata hakuja, na ya pili hakuja.

Ya tatu nikenda kwao. Mama yake akanitolea lile shati, akaniambia: "Maalim, hili tulilinunua kwa pesa ya ndizi. Aliambiwa ataitwa Moshi kusailiwa kazi, akataka aonekane mtu. Alipolivaa dukani lilimtosha. Tulipolifua mara moja, likawa hivyo ulivyoliona."

Nililichukua nikampelekea fundi wa cherehani jirani na msikiti. Aliligeuza ndani nje, akalinyosha mezani, akasema kwa upole: "Maalim, huyu mtoto hana kosa. Shati hili limekatwa fupi tangu kiwandani, livaliwe bila ya kuchomekwa. Tena ni pamba ambayo haikuroweshwa. Na kwapa lake limekatwa chini mno. Hata wewe ungelivaa, lingekuvua." Wallahi niliona haya. Nilimhukumu mja wa Mwenyezi Mungu kwa jambo ambalo hata kulijua sikulijua.

Kwa madhehebu yetu ya Shafi, uchi wa mwanamume katika swala ni baina ya kitovu na magoti, mbele na nyuma. Sehemu hiyo ikifunuka naye asiisitiri papo hapo, swala yake haisihi. Basi urefu wa shati si jambo la mapambo tu. Lakini hukumu ni mlango mmoja, na namna ya kumfikishia mtu hukumu ni mlango mwingine. Mimi niliingia wa kwanza nikausahau wa pili.

Toka siku ile nimelichunguza jambo hili kama nilivyochunguza vitabu. Nimekaa na mafundi, nimezunguka masoko ya Tarakea na Moshi, nimeyapima mashati ya watu wa kila kipato. Nayasema niliyoyapata.

Dini yetu haikuidharau nguo. Katika Suratul Aaraf Mwenyezi Mungu ametutajia neema ya vazi lenye kusitiri na lenye kupamba, kisha akatubainishia ya kuwa vazi la uchamungu ndilo bora. Katika sura hiyo hiyo tumeamrishwa tushike mapambo yetu kila tuendapo msikitini, na tukakatazwa israfu. Imepokewa kwamba vazi alilolipenda zaidi Mtume (s.a.w.) lilikuwa kamisi, yaani nguo ya kushonwa yenye mikono, na ya kuwa mkono wa kamisi yake ulifika kwenye kifundo cha mkono. Tazama, ndugu: kipimo cha mkono wa shati ambacho mafundi wa dunia nzima wanakifuata hata leo ndicho hicho. Usipite kifundo ukafunika vidole, wala usiishie njiani kama mkono wa mtoto aliyekua haraka.

Mtu mmoja alimjia Mtume (s.a.w.) na nguo chakavu. Akaulizwa kama ana mali, akajibu kuwa anayo ya kila namna. Akaambiwa athari ya neema ya Mungu na ionekane juu yake. Na yule aliyependa nguo yake iwe nzuri hakuambiwa kuwa ana kibri. Alifundishwa kuwa kibri ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Mizani ni hiyo. Mwenye shati la thamani asiyemdharau mtu hana kibri, na mwenye shati lililoraruka anayewadharau wenziwe kibri anacho.

Sasa tuingie kwenye shati lenyewe. Nimeona watu wakilijaribu shati wakiwa wamesimama wima mbele ya kioo, kama askari wa gwaride. Huo si mtihani. Hakuna mtu aishiye amesimama wima. Mimi huwaambia wanafunzi wangu: lijaribu shati kwa mambo ya swala, nalo litasema kweli yake.

Kwanza, kunja mikono kama unayetaka kutawadha. Mkono wa shati ukifunguliwa kifungo ni lazima upande juu ya kiwiko bila ya kukukaba. Imo katika Sahihi mbili, kwa riwaya ya Mughira bin Shuuba (r.a.), ya kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa safarini amevaa juba la Sham lenye mikono myembamba. Alipotaka kutawadha mikono haikupanda, ikabidi aitoe mikono yake kwa chini ya juba. Mafunzo mawili yamo humo: nguo iliyoshonwa na watu wa nchi nyingine si haramu kwa sababu hiyo tu, na mkono mwembamba una taabu yake.

Pili, inua mikono kama unayehirimia swala. Shati likichomoka lote katika suruali, ama ni fupi au kwapa lake limekatwa chini mno. Hapa watu wengi hudanganyika. Hudhani kwapa pana lenye kuning'inia ndilo lenye nafasi, na mambo ni kinyume. Kwapa likiwa chini, ukiinua mkono unavuta ubavu mzima wa shati. Kwapa likikaa juu, karibu na mwili bila ya kukata, mkono hupanda peke yake na shati hubaki mahali pake.

Tatu, rukuu. Inama, usikie mgongoni. Kitambaa kikikaza kama ngozi ya ngoma baina ya mabega, shati ni dogo. Na mbele tazama vifungo: kama baina ya kifungo na kifungo panafunguka mdomo, usinunue kwa kujiambia utapungua mwili. Nunua shati la mwili ulio nao.

Nne, sijida. Sujudu kweli, au chuchumaa mbele ya muuza nguo ukiona haya. Mgongo ukibaki umesitirika, shati limefaulu. Na kama suruali imefungwa chini ya kiuno, usilaumu shati peke yake. Hao ni washirika wawili katika kosa moja.

Baada ya hayo mtazame mtu amesimama. Mshono wa bega uishie juu ya mfupa wa bega, pale mkono unapoanza. Ukiteremka, mtu huonekana amevaa cha marehemu babu yake. Ukipanda shingoni, huonekana amefungwa. Kola ikifungwa, vidole viwili viingie baina yake na koo, visiwe vinne. Kifuani ubaki ukunjo mdogo wa kushikwa kwa vidole kila upande.

Haya hayabagui tajiri na masikini. Mfuko hubadilisha kitambaa na duka; mwili haubadiliki. Na tuitazame mifuko mitatu.

Mfuko mdogo ni wa mitumba. Sisi wazee tunakumbuka ilivyokuwa. Mpaka huu wetu ulifungwa mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, ukafunguliwa mwishoni mwa 1983. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 nguo ziliadimika nchini, na shati moja lilivaliwa miaka. Kola ikilika, fundi aliifumua, akaigeuza upande wa pili, akaishona tena, na shati likazaliwa upya. Mafungu ya biashara yalipofunguliwa baada ya 1984, mitumba ikaingia kwa wingi, na waliokuwa wakiiita kafa Ulaya kwa kejeli wakawa wa kwanza kuichambua. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya walikubaliana kuiondoa kidogo kidogo ili viwanda vyetu vifufuke. Marekani ikatishia kuondoa unafuu wa kodi kwa bidhaa zetu, na nchi nyingi zikalegeza msimamo. Rwanda ndiyo iliyoshikilia. Nina huzuni na jambo hili, kwani Tanzania hulima pamba, na sehemu kubwa ya pamba hiyo huuzwa nje ikiwa haijafumwa. Lakini huzuni yangu haimvishi mtu, na sitamwambia mama muuza ndizi amwache mwanawe bila ya nguo mpaka viwanda vifufuke.

Kuna wanaouliza kama yajuzu kuswali na nguo iliyovaliwa na asiye Muislamu. Asili ya nguo ni tohara mpaka ijulikane najisi yake. Ifue vizuri, uvae, umshukuru Mola wako.

Katika soko la Memorial la Moshi, na katika masoko yetu ya huku, mashati hutoka katika robota yakiwa ya namna zote. Wenzetu wa Kenya wana majina yao: yaliyo bora, ya kuchaguliwa mwanzo, huyaita kamera, na mabaki ya mwisho huyaita fagia. Mwenye mfuko mdogo na ajue siri moja, nayo humwokoa kuliko bei ya chini: kuna kosa ambalo fundi hulirekebisha kwa saa moja, na kuna kosa lisilorekebika. Shati pana ubavuni hupunguzwa. Mkono mrefu hupandishwa. Kifungo hubadilishwa. Shati refu hukatwa. Lakini bega likiwa kubwa mno, kulirudisha ni kulifumua shati zima. Kola ikiwa ndogo, haiongezeki. Shati likiwa fupi, hakuna wa kulirefusha. Basi nunua kwa shingo, kwa bega na kwa urefu; mengine mwachie fundi. Kisha tazama ndani ya kukunjika kwa kola kama uzi umeanza kulika, tazama kwapani kama pana manjano ya jasho yasiyotoka, na liinue shati juani uone kama kitambaa kimepungua. Likifaulu hapo, pengine umepata shati bora kuliko la dukani, maana lililofuliwa mara nyingi limekwisha kurudi kiasi chake. Halitakusaliti kama lilivyomsaliti yule kijana.

Mfuko wa kati una njia mbili: duka au fundi. Mashati mapya ya bei nafuu madukani nimeyahakiki mengi, na kwa jumla sikuyapenda. Kola yake hugandishwa kwa gundi, na baada ya kufuliwa mara chache gundi huachia, ikatoka malengelenge yasiyonyoka kwa pasi. Mishono ni ya mbali mbali kama meno ya mzee. Vitambaa vingi ni vya nyuzi za viwandani visivyonyonya jasho. Huko kwenu Pwani kwenye joto ni adhabu, na huku kwetu havizuii baridi. Anayenunua dukani na asome kibandiko. Kikiwa pamba tupu, achukue lenye nafasi kidogo shingoni, kwa kuwa kola ya inchi 16 ikirudi kwa asilimia 3 tu imepoteza karibu nusu inchi, na nusu inchi shingoni ni tofauti ya kupumua na kukabwa.

Mimi namshauri mwenye mfuko wa kati aende kwa fundi. Kwa shati la mikono mirefu mtu wa kawaida hutosheka na kitambaa baina ya mita 2 na mita 2 na nusu, kwa kutegemea upana wa kitambaa. Kama ni pamba, kiroweshe usiku kucha na ukikaushe kabla ya kumpelekea. Mpelekee na shati lako la zamani linalokukaa vizuri. Hilo ni ushahidi kuliko maneno. Mwache akupime shingo, bega, kifua, kiuno, mkono, kifundo cha mkono na urefu, nawe usivute pumzi tumboni, maana kipimo cha uongo huzaa shati la uongo. Agiza moja kwanza. Likikukaa, agiza la pili.

Hapa nina neno na mafundi, na wengi wao ni wanafunzi wetu. Suratul Mutaffifin haikushuka kwa wauza nafaka peke yao. Kipande kilichobaki ni mali ya mwenye kitambaa. Kimrudishie, au umwombe akuachie. Na hiyo "njoo kesho" isemwayo na mtu ajuaye kuwa hata mkasi hajaushika, ni ahadi iliyovunjwa kabla ya kutolewa. Mmoja wao aliniharibia shati la safari kwa haraka ya usiku mmoja, na kumbe kitambaa kilikaa kwake wiki tatu. Lakini na sisi wateja tusijitakase. Tunaacha nguo kwa fundi miezi, tunamtaka deni kwa jina la udugu, na tumefundishwa kumlipa mwenye kazi kabla ya jasho lake kukauka.

Mfuko mkubwa nao una msiba wake. Mwenye pesa huletewa mashati toka Dubai na Maskati na ndugu zake, yamo ndani ya makasha mazuri, yana jina la kampuni mashuhuri, na hayamkai. Aliyenunua alikisia tu. Herufi za S, M na L si kipimo cha mtu. Humweka mwenye mikono mirefu na mwenye mikono mifupi katika fungu moja. Ukimwagiza ndugu yako aliye Oman, usimpelekee herufi. Mpelekee inchi za shingo, bega, mkono na urefu. Na asome kibandiko, maana baadhi ya mashati ya fahari ni hariri, na hariri safi ni haramu kwa wanaume. Mimi namwona mwenye mashati 3 ya pamba nzuri, yaliyoshonwa kwa mwili wake, yenye mistari inayokutana mfukoni na mabegani, kuwa amevaa vizuri kuliko mwenye mashati 20 ya majina. Hayo 17 yaliyozidi si mapambo tena. Huenda katika mtaa wake yumo kijana anayengoja moja tu.

Na hapa ndipo neno langu la mwisho. Husimuliwa ya kuwa Sayyidna Umar (r.a.) alisimama kuhutubu amevaa nguo iliyomtosha, naye alikuwa mtu mrefu, na vitambaa vilivyogawiwa watu havikutosha mtu wa kimo chake. Mtu mmoja akakataa kumsikiliza mpaka ajue ziada ilitoka wapi. Umar hakughadhibika. Akamwita mwanawe Abdallah, naye akashuhudia kuwa alimpa baba yake fungu lake. Yule mtu akasema sasa atasikiliza. Nalipenda simulizi hili kwa mambo mawili: kwamba kiongozi aliulizwa habari ya nguo yake akajibu, na kwamba nguo ilitosha kwa kuwa mmoja alitoa chake kwa ajili ya mwili wa mwenziwe.

Sisi tukitoa nguo za sadaka hukusanya lundo tukalimwaga. Hatuulizi bega la nani, shingo ya nani. Masikini hupewa shati la mtu mwenye mwili mara mbili yake, kisha tunashangaa kwa nini halivai. Kumpima mtu kabla ya kumpa ni kumheshimu.

Nilikwenda Moshi na yule kijana. Tulizunguka Memorial toka asubuhi hata karibu na Adhuhuri. Nilimfanya ainue mikono, arukuu na achuchumae katikati ya soko, na wauza nguo wakatucheka. Shati la tisa ndilo lililofaulu: la buluu hafifu, kola nzima, bega mahali pake, ubavuni pana. Fundi wetu wa Tarakea alilipunguza jioni ile, wala hakutaka ujira. Ijumaa nilimwomba kijana asimame nami baada ya swala. Nilimkemea mbele ya watu, basi nikamtaka radhi mbele ya watu wale wale. Akasema, "Nimekusamehe, Maalim," kwa sauti ndogo, wala hakuniangalia usoni.

Anaswali nasi mpaka leo, ila safu ya nyuma, ambako hakuna wa kumtazama mgongo. Shati nililiweza kulirekebisha. Safu ile bado.

Wabillahi Ttawfiq.